Pima ahadi za siasa kama lori pale mzani wa Mariakani

Unga wa mia moja, mafuta ya bei nafuu, treni mpya wiki chache kabla ya kura. Bili huja baadaye, na hesabu inaonyesha nani huilipa.

KAMA umekulia Mariakani, mzani unaujua. Lori likitoka bandarini likielekea Nairobi, dereva hapiti akisema, "Niamini bosi, sijazidisha." Anapanda mzani, namba inasoma, stori inaisha.

Sasa jiulize: mwanasiasa akija na ahadi, yeye anapimwa wapi?

Uchaguzi mkuu ujao ni Agosti 10, 2027. Kampeni zetu lakini hazingoji tarehe. Misafara inaanza mapema, matanga yanageuka majukwaa, na kila harambee ina mheshimiwa. Kuna fulana, kuna leso, kuna mia mbili ya "chai". Hizo unaziona kwa macho na stejini mnazicheka.

Kuna kampeni nyingine ambayo ni vigumu kuitambua. Ni ile inayofanywa kwa pesa za serikali: bei inashuka ghafla, mradi unazinduliwa haraka haraka, hazina inafunguliwa. Hiyo haina rangi ya chama. Inaitwa maendeleo, na mara nyingine ni maendeleo kweli. Kazi yako ni kujua tofauti. Tukirudi nyuma kwenye chaguzi mbili zilizopita, utaona mchezo una mpangilio wake.

Unga wa tisini, unga wa mia

Anza na sima, manake hapo hakuna asiyeguswa.

Mwaka 2017 Kenya ilipiga kura Agosti 8. Bajeti, ambayo kwa kawaida husomwa Juni, ilisomwa mapema, Machi 30, na aliyekuwa Waziri wa Fedha Henry Rotich. Wakati huo ukame ulikuwa umebana na pakiti ya unga wa mahindi ya kilo mbili ilikuwa imepita Sh150. Katikati ya Mei, chini ya miezi mitatu kabla ya kura, serikali ikaleta ruzuku: kilo mbili kwa Sh90.

Ruka miaka mitano. Mwaka 2022 bajeti ikasomwa mapema tena, Aprili 7, safari hii na Ukur Yatani. Unga ulikuwa umepita Sh200. Mnamo Julai 20, zikiwa zimebaki siku 20 watu wapige kura, Rais Uhuru Kenyatta akatangaza kwamba kilo mbili zitauzwa Sh100. Yeye mwenyewe hakuwa akigombea, ila alikuwa anamuunga mkono Raila Odinga wa Azimio dhidi ya naibu wake, William Ruto.

Unakumbuka kilichofuata? Tangazo lilisikika kila mahali, unga wenyewe ukawa wa kutafutwa. Maeneo mengi nchini watu walizunguka maduka wakaambiwa wa mia umeisha, au haujafika. Wasagaji nao walibaki wakilalamika kwamba serikali haijawalipa pesa zao.

Ruto alishinda. Siku ya kuapishwa, Septemba 13, 2022, aliwaambia Wakenya kwamba ruzuku ile ya unga ilikuwa imemeza Sh7 bilioni kwa mwezi mmoja bila faida yoyote. Akaikataa.

Tuwe waungwana hapa. Njaa ilikuwa ya kweli mwaka 2017, na 2022 pia. Mama anayepika sima kwa watoto wanne hana muda wa kuuliza ruzuku imetoka chama gani. Akiipata, atanunua, na yuko sawa. Lakini njaa haikuanza Julai. Bei ilikuwa imepanda kwa miezi mingi kabla. Ukiona msaada unafika wiki tatu kabla ya kura, na unaisha mara tu kura zikishahesabiwa, una haki ya kuuliza ulikuwa wa nani hasa.

Hesabu ya mtu wa boda

Sasa twende kwenye petroli.

Kuanzia Aprili 2021 serikali ilikuwa ikilipa sehemu ya bei ya mafuta ili tusiumie pampuni. Pesa zilitoka wapi? Sehemu kubwa ilikusudiwa kutoka kwenye tozo inayokatwa ndani ya kila lita, ambayo Julai 2020 ilipandishwa kutoka senti 40 hadi Sh5.40. Kwa maneno mengine, kila ulipojaza tangi ulikuwa unachanga. Halafu siku ya ruzuku unaambiwa useme asante.

Vita vya Ukraine vilipoanza Februari 2022, bei ya mafuta duniani ikapaa. Ruzuku ikavimba. Kwa mujibu wa ile hotuba ya Ruto ya kuapishwa, serikali ilikuwa imetumia jumla ya Sh144 bilioni kwa ruzuku ya mafuta, na kati ya hizo Sh60 bilioni zilitumika katika miezi minne ya mwisho pekee. Hiyo ni wastani wa Sh15 bilioni kila mwezi, miezi ileile ya kampeni. Alionya kwamba ikiendelea hadi mwisho wa mwaka wa fedha ingefika Sh280 bilioni, sawa na bajeti nzima ya maendeleo ya serikali ya kitaifa.

Siku moja baada ya hotuba hiyo, mamlaka ya EPRA ilitangaza bei mpya. Petroli jijini Nairobi ikatoka Sh159.12 hadi Sh179.30 kwa lita. Hapa Pwani bei huwa chini kidogo, lakini mruko ulikuwa uleule: zaidi ya Sh20.

Tuifanye hesabu ya kijiweni. Chukulia uko na boda na unatumia lita nne kwa siku. Shilingi 20 na ushee mara nne ni karibu Sh81 kwa siku. Ukifanya kazi siku 26 kwa mwezi, hiyo ni karibu Sh2,100 zaidi ya ulizokuwa unalipa mwezi uliopita. Ile mia mbili uliyopewa kwenye mkutano ukapiga nayo picha? Imelipia nyongeza ya siku mbili na nusu. Siku zinazobaki ni zako na mfuko wako.

Je, kuiondoa ruzuku kulikuwa kosa? Wachumi wengi wangekwambia haikuweza kudumu, na huenda wana haki. Shida iko kwingine: hakuna aliyekuambia ukweli huo Julai, ulipokuwa bado hujapiga kura. Wa upande huu walikuwa wanafurahia bei. Wa upande ule walikuwa wanaahidi maisha nafuu. Bili ikaja Septemba.

Treni ilipozinduliwa, na malori yalipopungua

Hii stori ya tatu ni yetu kabisa.

Mnamo Mei 31, 2017, Rais Kenyatta alizindua treni ya SGR kutoka Mombasa hadi Nairobi. Zilikuwa zimebaki wiki kumi tu kwenda kura. Reli hiyo iligharimu karibu Sh327 bilioni, na asilimia 90 ilikuwa mikopo ya Benki ya Exim ya China. Mariakani tukapata kituo chetu. Na tuseme ukweli, treni inasaidia: ukiwa na mtihani chuoni Nairobi au mgonjwa wa kupeleka, unajua thamani yake.

Lakini mkopo una tabia moja: hauendi likizo baada ya uchaguzi. Treni ya abiria peke yake haiwezi kulipa reli ya bei hiyo, ilihitaji mizigo. Agosti 2019 ikatoka amri kwamba kontena zote zinazoelekea Nairobi na kwingineko bara zibebwe na SGR. Mombasa ikaandamana, na serikali ikalegeza kamba, ila mizigo iliendelea kusukumwa kwenye reli.

Unajua lori likipungua barabarani, Mariakani inapoteza nini. Si dereva na turnboi peke yao. Ni fundi wa magurudumu, mama wa chapati na maharagwe, mwenye gesti, kijana wa kuosha magari, mwenye duka la vipuri. Mji wetu umejengwa juu ya gari linalosimama. Zile sherehe za Mei 2017 zilikuwa tamu, lakini ni wangapi waliosimama kwenye jukwaa wakasema, "Reli hii ikikosa mizigo ya kutosha, malori yenu ndiyo yatakayolipa"?

Halafu ona siasa inavyozunguka. Kurudisha shughuli za bandari Mombasa kukawa ahadi ya kampeni ya 2022. Na siku ileile ya Septemba 13, katika hotuba ileile iliyokataa ruzuku ya unga, Ruto akatangaza kwamba kutoa mizigo kunarudi bandarini Mombasa. Kwa mtu wa Mariakani ilikuwa siku moja yenye pande mbili: mkono mmoja umepokea ahadi iliyotimizwa, mkono wa pili umeambiwa jiandae na bei ya petroli. Ndiyo maana nasema pima kila ahadi peke yake. Usimpende mtu jumla jumla, wala usimchukie jumla jumla.

Mlango wa dharura

Labda unajiuliza, serikali hupata wapi pesa za ghafla hivyo? Si bajeti hupitishwa bungeni?

Hupitishwa. Ila Katiba ina mlango wa dharura, Kifungu cha 223. Kinaruhusu serikali ya kitaifa kutumia pesa ambazo Bunge halijaidhinisha, mradi zisizidi asilimia 10 ya zile zilizoidhinishwa mwaka huo, kisha iende bungeni kuomba idhini ndani ya miezi miwili. Ni mlango mzuri likitokea janga: mafuriko, ukame, ugonjwa. Tatizo ni kwamba miezi miwili kabla ya kura na miezi miwili baada ya kura ni dunia mbili tofauti.

Mapema 2023, Msimamizi wa Bajeti, Margaret Nyakang'o, aliieleza kamati ya Bunge kwamba siku chache kabla ya uchaguzi wa Agosti 2022 alishinikizwa kuidhinisha takriban Sh15 bilioni chini ya kifungu hicho. Aliyekuwa waziri, Yatani, alikanusha kwamba alimlazimisha. Nani alisema kweli si langu kuamua. La kwetu ni hili: pesa nyingi kiasi hicho zilikuwa zinatembea wiki ambayo mimi na wewe tulikuwa tunabishana kuhusu nani ana msafara mrefu.

Upande wa pesa za wagombea wenyewe nako kuko wazi kama uwanja wa mpira. Sheria ya ufadhili wa kampeni ipo tangu 2013. Mwaka 2021 IEBC ilichapisha viwango vya juu, ikiwemo takriban Sh4.4 bilioni kwa mgombea urais, lakini Bunge la Kitaifa likazikataa kanuni hizo. Kwa hivyo 2022 watu walikwenda kwenye kura bila kikomo cha matumizi.

Usidhani ni Kenya tu

Kuna watu wakisikia haya husema, "Hii ni Afrika tu." Hapana. Tazama Australia, nchi tajiri ambayo kupiga kura ni lazima kisheria.

Machi 25, 2025, serikali ya chama cha Labor ilisoma bajeti. Siku tatu baadaye, Waziri Mkuu Anthony Albanese akatangaza uchaguzi wa Mei 3. Ndani ya bajeti hiyo kulikuwa na nafuu ya kodi na dola 150 za kupunguza bili ya stima kwa kila nyumba. Upinzani wa Peter Dutton nao ukaahidi kukata senti 25 za ushuru kwa kila lita ya mafuta. Stima huku, petroli kule. Hapo ungedhani uko Kaloleni. Labor walishinda, na Dutton akapoteza hata kiti chake mwenyewe.

Kabla ya hapo, Februari 2020, waziri wao Bridget McKenzie alijiuzulu kufuatia sakata ya ruzuku za viwanja vya michezo. Mkaguzi wa hesabu alikuwa amegundua kwamba mgao wa fedha hizo, dola milioni 100, ulielemea majimbo ambayo chama tawala kilikuwa kinayawinda kwenye uchaguzi wa 2019.

Kwa hivyo tamaa ni ileile. Kinachotofautiana ni mzani. Australia ina sheria ya 1998 inayolazimisha wakuu wa Hazina na wizara ya Fedha, ambao ni watumishi wa umma na si wanasiasa, kuchapisha hali halisi ya pesa za nchi ndani ya siku 10 baada ya amri ya uchaguzi kutolewa. Kila chama kinajua namba hizo zinakuja, kwa hivyo kudanganya kunakuwa kugumu kidogo.

Na sisi je? Hapa ndipo utashangaa. Sheria yetu ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 pia inaitaka Hazina ya Kitaifa kuchapisha ripoti ya hali ya uchumi na fedha kabla ya uchaguzi. Ya 2022 ilitoka. Wangapi kijiweni kwenu waliisikia? Mzani tunao, ila hakuna anayesimama kusoma namba.

Maswali matatu ya kumuuliza mheshimiwa

Sikuambii ukatae mradi. Barabara ikijengwa, pita. Bomba likileta maji, chota, hasa kwetu ambako mfereji ukitoa maji siku mbili mfululizo watu wanashangaa. Ukipata ufadhili, chukua ufanye kazi nao. Mradi wa NYOTA, kwa mfano, ulipangiwa kufikia vijana wasiopungua 70 katika kila wadi nchini kwa Sh50,000 kila mmoja. Kama umo kwenye hao 70, hongera. Lakini unafadhiliwa na Benki ya Dunia kupitia serikali. Hautoki kwenye mfuko wa mtu anayekukabidhi hundi ya karatasi uwanjani. Huna deni la kura kwa yeyote.

Kabla ya kupiga makofi, uliza haya:

Moja, pesa ni za nani? Za kaunti, za kitaifa, za eneobunge, au mkopo? Diwani hawezi kukupa barabara kuu ya Mombasa kwenda Nairobi, na rais hana kazi ya kufungua shule ya chekechea, manake hiyo ni kazi ya kaunti. Anayekuahidi kitu kisicho kazi yake anakupotezea muda.

Mbili, imo kwenye bajeti gani? Mwaka wa fedha huanza Julai 1. Makadirio ya kitaifa na ya kaunti hufika kwa wawakilishi kufikia Aprili 30, na kabla ya hapo kuna vikao vya umma. Ahadi isiyo na ukurasa kwenye bajeti ni hadithi ya abunuwasi.

Tatu, baada ya kura nini? Ruzuku inaisha lini? Mkopo unaanza kulipwa lini? Zahanati ikijengwa, muuguzi na dawa ziko kwenye bajeti ya mwaka gani? Hili ndilo swali wanalolikimbia.

Wakikosa kujibu kwa mdomo, waulize kwa karatasi. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inakupa wewe, raia wa kawaida, haki ya kuandikia ofisi ya umma ukiomba taarifa. Unaweza kuandika kwa Kiswahili. Kuwasilisha ombi hakulipiwi. Wana siku 21 za kukujibu, na wakinyamaza unaweza kulalamika kwa Tume ya Haki za Kiutawala, ile inayojulikana kama Ombudsman. Si mchezo: shirika la Katiba Institute liliuliza kuhusu matangazo ya kusifu kazi za serikali yaliyotapakaa kabla ya uchaguzi wa 2017. Lilipokosa majibu likaenda mahakamani, na Novemba 2017 Jaji Chacha Mwita akaamuru taarifa zitolewe. Kundi la vijana watano kutoka Mariakani wakiuliza kuhusu lami moja au bomba moja la maji wanatumia sheria hiyohiyo.

Na ile mia mbili? Ujue kwamba sheria ya makosa ya uchaguzi haimwangalii mtoaji peke yake. Mpiga kura anayepokea hongo ili ampigie mtu pia ana kosa.

Mwisho, kitambulisho chako. Mwaka 2022 Kenya ilikuwa na wapiga kura milioni 22.1 waliosajiliwa, na vijana wa miaka 18 hadi 34 walikuwa karibu asilimia 40. Idadi hiyo ya vijana ilikuwa imepungua kwa zaidi ya asilimia 5 ikilinganishwa na 2017. Yaani wakati pesa zinaongezeka kwenye kampeni, sisi tunapungua kwenye daftari. Mwanasiasa anajua hesabu hiyo. Kijana asiyesajiliwa anapewa fulana. Aliyesajiliwa, anayejua bajeti ya wadi yake na anayeuliza swali la tatu, huyo ndiye wanayemwogopa.

Kwa hivyo msafara ukiingia mjini, nenda ukasikilize. Ngoma ikipigwa, cheza. Lakini nenda na zile namba mfukoni: Sh90, Sh100, Sh179.30. Zikikukaa kichwani, hakuna atakayekupitisha mzani bila kupimwa.